Upepo na Upande: Juu ya Fasili za Kaskazi, Kusi na Matlai

Katika kamusi za Kiswahili, na zaidi katika vitabu vya shule vinavyozitegemea, imekuwa ada kufasili majina ya pepo kwa kutaja upande zitokako. Kaskazi huelezwa kuwa ni upepo utokao kaskazini. Kusi, upepo utokao kusini. Matlai, upepo utokao mashariki. Fasili hizi ni fupi, zinafanana, na mwenye kuzitazama upesi hazioni kosa. Makala haya yanakusudia kuonyesha ya kwamba kati ya hizo tatu ni moja tu iliyosimama sawasawa. Mbili za kwanza zimegeuza nasaba ya maneno: zinamweleza babu kuwa ni mtu aliyezaliwa na mjukuu wake.

Ushahidi wa kwanza umo ndani ya maneno yenyewe, wala hauhitaji mtu kwenda mbali. Kaskazini ni kaskazi lililotiwa kiambishi cha mahali -ni. Kusini vilevile ni kusi na -ni. Kiambishi hiki ndicho kile kile kilichomo katika juani, kivulini, mvuani na upeponi, yaani mahali ambapo kitu kile kipo au huhisiwa. Hakuna mzungumzaji wa Kiswahili atakayekubali kwamba jua limepewa jina kwa sababu ya juani. Lakini kamusi zikifika kwenye kusi na kusini hukubali jambo la namna hiyo hiyo bila kusita. Mwanafunzi wa Machakos au Kitale atafutaye maana ya kusi hupelekwa kwenye kusini. Akilitafuta kusini na kuona limeundwa kutokana na kusi, atarudishwa alikotoka. Amezungushwa, na alichokipata hakumwambii upepo huu huvuma lini, wala kwa nini uliwahi kuhitaji jina la peke yake.

Pande nyingine mbili zina historia tofauti, na tofauti hiyo inafaa kutazamwa kwa makini. Mashariki na magharibi yametoka katika Kiarabu, nayo katika lugha hiyo ni majina ya mahali yaliyoundwa kutokana na vitenzi vya kuchomoza na kuchwa. Herufi mim iliyo mwanzoni ndiyo iletayo maana ya mahali. Kwa hivyo hayakuhitaji -ni. Maana ambayo Kiswahili huitia mwishoni mwa neno, Kiarabu kilikwisha kuitia mwanzoni. Dira ya Kiswahili basi ina vyanzo viwili: jua limetoa pande mbili, na upepo umetoa mbili. Cecil H. Brown, katika makala yake ya mwaka 1983 iliyolinganisha lugha 127, alionyesha ya kwamba majina ya pande za dunia hutoka katika mafungu machache ya vyanzo, na kati ya hayo yamo jua na sayari za angani, na hali za hewa kama vile pepo. Kiswahili ni mfano mzuri wa lugha iliyochota katika mafungu yote mawili. Na jambo la kustaajabisha si kwamba ilikopa mashariki na magharibi. Ni kwamba haikuona haja ya kuyapa nafasi hiyo hiyo shamali na janubu, ingawa maneno hayo yalikuwa karibu nayo, katika vinywa vya mabaharia wale wale na katika vitabu vile vile. Mahali pake palikuwa pamekwisha kukaliwa.

Ushahidi wa pili unatoka baharini, nao ndio mzito zaidi. Ikiwa upepo hutambulikana kwa upande utokako, basi ubadilikapo upande hapana budi jina nalo libadilike. Kusi haiko hivyo. Chini ya ikweta, upepo huu hutoka kusini-mashariki. Ukikaribia ikweta hugeuka, ukatoka kusini; na ukiisha kuivuka huelekea Arabuni na Bara Hindi ukitoka kusini-magharibi. Nahodha aliyetweka tanga Zanzibar, akapita Mombasa na Lamu, akafuata pwani ya Somalia hadi Maskati, amesukumwa na upepo uliotoka pande tatu, naye hakubadilisha jina lake hata mara moja. Tangu mwanzo hata mwisho alikuwa katika kusi. Kaskazi nayo ni vivyo hivyo: Lamu hutoka kaskazini-mashariki, na kadiri inavyoshuka kusini ya ikweta hugeuka, hata ifikapo visiwa vya Komoro aghalabu hutoka kaskazini au kaskazini-magharibi.

Basi ni nini kilichoufanya upepo huu uwe mmoja katika akili ya mzungumzaji? Ni wakati wake na kazi yake. Kaskazi ni ule uvumao yapata Desemba hadi Machi, uliokuwa ukileta vyombo kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi; kusi ni ule uanzao yapata Aprili, uliokuwa ukivirudisha. Katikati ya kusi, miezi ya Juni na Julai, bahari huchafuka hata vyombo vikakaa bandarini, na manahodha wengi walingoja ilegee ndipo watweke. Haya hayakuwa mapambo ya maisha ya pwani. Mkopo ulilipwa kwa kufuata pepo hizi, bei za nguo na tende zilipanda na kushuka nazo, na mgeni aliyechelewa alijua atakaa miezi mingapi kabla hajarudi kwao. Neno msimu lenyewe limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya wakati maalumu wa mwaka, neno ambalo Wareno walilichukua kwa ajili ya pepo hizi, nalo likaenea katika lugha nyingine za Ulaya. Neno majira nalo limebeba mambo mawili mpaka leo, wakati wa mwaka na njia ya chombo baharini. Kwa watu waliosema hivi, kutenganisha upepo na kalenda kungekuwa kazi bure.

Msafara wa Vasco da Gama unaweza kutumika hapa kama kipimo. Aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi ikianza, akiwa na rubani aliyepewa hapo, akafika karibu na Calicut kabla mwezi mmoja haujatimia. Aliporudi hakungoja kaskazi itulie. Akaanza kuvuka mwezi wa Oktoba, naye alifika Malindi Januari 1499, baada ya miezi kama mitatu ya shwari na pepo za mbele, na mabaharia wake wengi wamekufa kwa kiseyeye. Bahari ilikuwa ile ile na merikebu zile zile. Alikuwa na dira, na pande za dunia alizijua. Alichokosa ni kile ambacho jina kaskazi humwambia aliyezaliwa nalo, na ambacho fasili ya "upepo utokao kaskazini" haimwambii mtu yeyote.

Lugha za jirani zinasaidia kulithibitisha jambo hili. Katika Kikomoro yamo majina mawili yanayolingana na ya Kiswahili, kashkazi na kusi, na kila moja ni upepo na ni majira pia. Lakini Komoro majira ya kashkazi ni ya mvua na joto, ilhali pwani ya Kenya miezi ya kaskazi ni ya joto na ukavu. Mtu aliyezoea kufasiri kaskazi kwa "kiangazi" atakosea akifika Moroni. Kimalagasi kinatoa mfano ulio mkali zaidi. Katika Kimalei barat ni magharibi na timur ni mashariki. Wahenga wa Wamalagasi waliyachukua maneno ya asili hiyo hiyo wakavuka nayo bahari. Leo avaratra ni kaskazini na atsimo ni kusini. Mtu ajaribuye kulieleza jambo hili kwa pande peke yake ataona kwamba dunia imezunguka robo. Akilieleza kwa pepo halitamtatiza: neno lilikuwa la upepo wa msimu wenye mvua na tufani, na Madagaska upepo wa namna hiyo hutoka kaskazini. Neno liliufuata upepo, na upande ukaja baadaye. Hata radi katika Kimalagasi huitwa varatra, neno la ukoo huo huo.

Kosa la kamusi limetokeaje? Inaelekea kwamba lilianza bila nia mbaya, katika kamusi za lugha mbili. Krapf katika kamusi yake ya 1882, Madan mwaka 1903, na Johnson mwaka 1939 walikuwa wakiwaeleza Waingereza maneno ya Kiswahili, na Kiingereza huita upepo kwa upande utokako. Tafsiri ya kumfaa msomaji wa London ilikuwa kumpa upande. Si haki kuwalaumu kupita kiasi. Johnson, kwa mfano, hakuacha kueleza kwamba kaskazi ni majira pia, na kamusi ya Sacleux, iliyotolewa Paris kuanzia mwaka 1939, ina msamiati wa pwani na lahaja zake ambao hadi leo haujafikiwa na kamusi yoyote ya Kiswahili kwa Kiswahili. Tatizo ni la baadaye. Kazi ilipoanza ya kutunga kamusi za lugha moja, kile kilichokuwa tafsiri kwa mgeni kiligeuzwa kuwa fasili kwa mwenyeji. Maneno ya Kiingereza yaliondolewa, lakini namna ya kufikiri ikabaki. Yafaa ikumbukwe ya kwamba kamusi huweza kuwa na Kiswahili kitupu katika kila mstari na bado ikawa tafsiri.

Matlai ndilo neno ambalo kanuni ya kamusi inalifaa. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya mahali pa kuchomoza, kwa hivyo ni upande kwanza. Upepo uvumao kutoka huko ukachukua jina la upande. Hapa mwendo ni kutoka upande kwenda upepo, kinyume kabisa cha kaskazi na kusi. Lakini jirani yake, umande, halifuati njia hii wala ile. Kila mtu analijua kwa maana ya unyevu wa alfajiri ulalao majanini. Kwa mabaharia, umande pia ni upepo wa nchi kavu utokao bara alfajiri kuelekea baharini. Pwani yetu hutazama mashariki, kwa hivyo upepo huo hutoka magharibi. Lakini haukuitwa kwa sababu ya magharibi, umeitwa kwa sababu ya saa na ubaridi wake. Kamusi ikiandika kwamba umande ni upepo wa magharibi haisemi uwongo. Inasema tu jambo ambalo mvuvi hakuliona kuwa ni muhimu.

Kisha yako maneno ambayo hayana upande hata kidogo. Tanga mbili ni kipindi kilicho kati ya pepo mbili za msimu, wakati upepo haujaamua na chombo chaweza kwenda huku na huku. Maleleji nayo ni pepo za kigeugeu za wakati huo huo. Demani lina utajiri wa peke yake. Ni kamba ya kuzuilia tanga. Ni upande wa chombo ulio chini ya upepo. Tena ni majira, baada ya Agosti hadi Novemba, kusi inapolegea na bahari ikawa na huruma. Kamba, ubavu wa chombo na miezi ya mwaka katika neno moja! Mtu aliye bara ataona kwamba maana hizi tatu zimekutana kwa bahati, ilhali mwenye kushika demani mkononi mwezi wa Septemba alikuwa nazo zote tatu kwa wakati mmoja.

Na ikiwa mwanamaji alitaka kusema hasa upande upepo utokako, je, hakuwa na neno? Alikuwa nalo: joshi, au goshi. Joshi ni upande wa juu ya upepo, mkabala wa demani. Lakini joshi halifungwi na pande za dunia. Lililo joshi asubuhi laweza kuwa demani jioni, chombo kikigeuka au upepo ukigeuka. Methali isemayo "dau la mnyonge haliendi joshi" husomwa mashuleni kote, na aghalabu wanafunzi hufahamishwa kwamba joshi ni kasi, au nguvu, au ushindi. Kwa fahamu hiyo methali inabaki kuwa masikitiko matupu: maskini hawezi kwenda mbio. Maana yake halisi ina kazi ndani yake. Kwenda joshi ni kuupanda upepo, kukikabili chombo na kule utokako, na kwa hilo panahitajika tanga zima, kamba ngumu na watu wa kutosha wa kuzivuta. Mnyonge hana hivyo. Anaweza kwenda mbio sana, lakini ni kule tu upepo unakompeleka. Methali hii ni tamko kali kuhusu umaskini, na ukali huo umepotea kwa sababu ya fasili ya neno moja la upepo. Inahofiwa ya kwamba ndivyo zinavyosomwa pia tungo za washairi wa Mvita na Lamu. Muyaka bin Haji, aliyekuwa yeye mwenyewe mfanyabiashara wa baharini, hawezi kufahamika na mhakiki anayedhani kwamba kusi ni upande.

Pengine atasema mtu kwamba haya ni mambo ya kale, na kwamba majahazi yamebaki kuwa ya mashindano na ya watalii. Lakini wavuvi wadogo wa Vanga, Shimoni, Kipini na Faza bado huenda baharini kwa tanga au kwa mashine ndogo, nao husikiliza utabiri wa hali ya hewa kwa Kiswahili. Hapa ndipo fasili mbovu inapogeuka hatari. Kihusishi -a cha Kiswahili hakisemi kama kitu kinatoka au kinakwenda. Maembe ya Mombasa yametoka Mombasa. Basi la Mombasa linakwenda Mombasa. Upepo wa kusini basi ni upi, utokao huko au uendao huko? Mtaalamu wa hali ya hewa anajua, kwa kuwa amefundishwa kanuni ya kimataifa ya kwamba upepo hutajwa kwa utokako. Lakini kanuni hiyo hiyo husema ya kwamba mkondo wa maji hutajwa kwa uendako. Mkondo upitao pwani ya Kenya ukielekea kaskazini huitwa kwa kanuni hii mkondo wa kaskazini, na upepo unaovuma nao sambamba, wakati wa kusi, huitwa upepo wa kusini. Mambo mawili yaendayo njia moja yamepewa majina yanayopingana, na msikilizaji ameachiwa kihusishi -a kimwamulie! Mtangazaji akisema kusi imechachamaa, hakuna mvuvi atakayeuliza inatoka wapi. Akitaka kutaja upande barabara, Kiswahili kina vitenzi: upepo utokao kusini-mashariki, maji yaendayo kaskazini. Ni silabi chache tu za ziada.

Pingamizi lililo na nguvu ni jingine. Kiswahili sanifu si cha pwani peke yake. Wengi wa wazungumzaji wake hawajawahi kuiona bahari, na kwao kaskazini ni upande, basi. Katika Kongo liko jimbo la Kivu Kaskazini, mamia ya maili kutoka baharini, wala hakuna mtu wa Goma aitajaye kwao akafikiri juu ya majahazi. Waandishi wa habari huandika Korea Kaskazini na Afrika Kusini kila siku. Kamusi, itasemwa, kazi yake ni kueleza maneno yatumikavyo. Hoja hii ni ya kweli kwa kaskazini na kusini, na fasili za maneno hayo zinaweza kuanza na upande bila ubaya wowote. Lakini haina nguvu juu ya kaskazi na kusi. Maneno hayo hayatumiki Goma. Yatumikapo, hutumiwa na watu wa pwani na visiwani na wasomaji wa fasihi yao, na maana waitumiayo ni ile ya msimu. Kumfasilia mtu wa bara neno la pwani kwa kulipunguza mpaka lilingane na ajualo tayari si kumsaidia. Alifungua kamusi ili apewe asichokijua.

Linalotakiwa si kubwa. Chini ya kaskazi paandikwe ya kwamba ni upepo wa msimu uvumao pwani ya Afrika ya Mashariki yapata Desemba hadi Machi, ambao zamani ulileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kisha, kwa maana ya pili, majira ya upepo huo. Chini ya kusi paandikwe vivyo hivyo kwa miezi yake na safari zake. Chini ya kaskazini na kusini pawe na neno moja la kuonyesha zilikotoka, kama ifanywavyo kwa maneno yaliyokopwa kutoka Kiarabu au Kireno. Ni ajabu kwamba asili ya neno hutajwa likiwa la kigeni, na hunyamaziwa likiwa la wenyeji. Umande upewe maana yake ya pili pamoja na saa yake. Joshi na demani ziwekwe zitazamane, kila moja ikimrejesha msomaji kwa mwenzake. Ama matlai, fasili yake ibaki kama ilivyo.